Mwaka wa Balbu Mpya

Tulimzika Mwalimu Rael kwake Kiplombe, kando ya kaburi la mumewe, siku ambayo mvua ilitutisha tangu asubuhi na mwishowe haikunyesha. Watu walipokwisha kula na vijana wakaanza kuangusha mahema, binti yake Chebet alinishika mkono, akaniingiza sebuleni na kufunga mlango. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia. "Nafula," akaniambia, "wewe ndiye ulikaa na hawa wazee mwaka ule. Mimi nilikuwa chuoni Mombasa, na kila barua niliyopata iliniambia wote ni wazima. Nikakuja nyumbani kufunga mwaka nikapata mama anapapasa ukuta. Nilimuuliza Baba ilianzaje mpaka akafa hajanijibu. Mama naye alikuwa anacheka tu, anasema ilianza na tochi. Sasa hiyo tochi ni gani?" Nilimjibu kwa ufupi, maana akina mama walikuwa wakigonga mlango wakitafuta sufuria zao. Lakini nilipofika kwangu nilikaa kitandani bila kuvua viatu, nikaona nimemwachia mengi, na mengine sikuwahi kumwambia mtu yeyote.

Habari za kwetu nitaziruka. Inatosha kusema kwamba nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapata kazi ya ukarani katika ghala moja la mahindi mjini Eldoret, na nilihitaji mahali pa kulala. Mtu wa kanisani alinipeleka kwa Mwalimu Rael, ambaye alikuwa na chumba kitupu tangu Chebet aende chuo. Nyumba yao ilikuwa ya mbao, imepakwa rangi ya kijani iliyoanza kubambuka, na jikoni lilisimama peke yake uani kwa sababu ya moshi. Chumba changu kilitengana na chao kwa ukuta wa mbao zilizokauka na kuachana, kiasi kwamba niliwasikia wakijigeuza kitandani. Baridi ya asubuhi iliingia kwenye nyufa hizo, nami nilivaa sweta mbili kabla ya kuthubutu kunawa uso. Mzee Kimeli aliamka kabla yetu sote kukamua ng'ombe. Alikuwa ameendesha malori ya nafaka karibu maisha yake yote, na nadhani kule kukaa peke yake nyuma ya usukani kulimzoeza kunyamaza. Angeweza kula chakula chote cha jioni na neno lake likawa moja tu, "Ongeza mboga." Mwalimu ndiye aliyeongea. Alifundisha Kiswahili darasa la nane katika shule ya msingi iliyokuwa jirani, na alianza kunisahihisha siku ileile nilipofika. Nilimwambia, "Mimi ninaitwaga Nafula." Akacheka, akaniambia, "Basi hapa utaitwa Nafula. Hiyo *ga* uiache huko kwenu." Alinikaribisha kwa kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kugandishwa yenye majivu, na alipoona nimekunja uso akasema nitayazoea. Niliyazoea. Siku hizi nikiyanywa yasiyo na majivu naona nimepunjwa.

Ulikuwa mwaka wa mgao wa stima. Mvua zilikuwa zimekosa, mabwawa yakakauka, na umeme ulipotea karibu kila jioni wakati watu wakipika. Vijana wa leo, ambao kila mmoja ana tochi ndani ya simu yake, hawawezi kujua jinsi nyumba nzima ilivyoweza kutegemea tochi moja. Taa ya mafuta ilikuwepo, lakini ilimkohoza Mwalimu. Kwa hiyo Mzee alitoa tochi yake ya zamani, aliyotembea nayo chini ya kiti cha lori miaka yote, tochi ndefu ya chuma inayomeza mawe matatu. Mawe ndiyo betri. Mzee hakuziita jina lingine. Alifunga waya kwenye boriti juu ya meza, akaitundika ikitazama chini, na chini yake Mwalimu alisahihisha insha za wanafunzi wake huku sisi wawili tukila, au tukisubiri kula, gizani pembeni yake. Mwanga wake ulikuwa wa manjano, dhaifu, na ulipiga mezani duara lisilozidi sahani.

"Hii tochi imechoka," Mwalimu alisema mara ya kwanza ninayokumbuka. "Inanipa kaduara tu hapa katikati. Pembeni sioni kitu."

Mzee alifungua mkia wa tochi, akayatoa mawe, akayabonyeza kwa kidole gumba kana kwamba anapima parachichi. "Mawe ya siku hizi ni feki," akasema, na kesho yake akaleta mengine. Mwalimu akasema ni afadhali. Baada ya wiki chache alirudia lalamiko lilelile, na Mzee akaleta mengine tena, ya duka lingine, akimlaani mwenye duka la kwanza. Nami niliiangalia ile tochi nikaona Mwalimu anasema kweli, ilikuwa mbaya. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kufikiri zaidi ya hapo. Leo nikipanga mambo ya mwaka ule najiuliza tulikuwa tunaangalia wapi. Mwalimu aliangusha kikombe kilichokuwa karibu na kiwiko chake, akasema mimi ndiye nimekiweka vibaya. Alijikwaa kwenye beseni mchana kweupe. Jirani mmoja alikuja akalalamika kwa Mzee kwamba siku hizi Mwalimu anaringa, wanapishana njiani hamsalimii. Mzee alimjibu kwamba mwalimu ana mambo mengi kichwani, na mimi niliamini, kwa sababu Mwalimu nilikuwa namwona akisoma. Uso wake uliinama karibu na karatasi, lakini alisoma, na mwanafunzi aliyekosea herufi moja hakumponyoka.

Jioni moja aliniita. "Nafula, wewe uko town kila siku. Hakuna balbu ya nguvu kuliko hii? Si mawe. Mawe tumenunua yamejaa duka. Balbu yenyewe."

Nilijua ipo. Kule ghalani mkaguzi wetu alikuwa na tochi ya kumulika katikati ya marundo ya magunia kutafuta wadudu, na mwanga wake ulikuwa mweupe mno hata mchana, ndani ya ghala lile lisilo na madirisha, ulionyesha kila punje iliyomwagika. Nilimuuliza, akaniambia siri haikuwa tochi, ilikuwa balbu ya halojeni, na akanielekeza duka moja karibu na stendi. Muuzaji alikuwa mama mwenye sauti nzito aliyefungia balbu zake kwenye sanduku la kioo kama vile ni hereni za dhahabu.

"Tochi yenu inameza mawe mangapi?" akaniuliza.

"Matatu."

"Basi chukua hii ya mawe matatu. Ukiweka ya mawe mawili itaungua hapohapo, halafu utanirudia hapa na maneno. Kile kikombe cha ndani, kile kinang'aa, ni cha chuma ama cha plastiki?"

"Cha chuma."

"Sawa. Cha plastiki kingeyeyuka. Hii kitu inakuwa moto sana. Na usishike kioo chake na kidole, mafuta ya mkono yanaiharibu. Shika na kitambaa. Na itakula mawe, hiyo nakwambia mapema."

Nilirudi Kiplombe na kile kibalbu kidogo kuliko ncha ya kidole changu, kimefungwa kwenye karatasi, nikijiona nimebeba zawadi. Sijui kama niliwahi kumletea mtu kitu kwa furaha namna ile.

Tuliifanya kazi mezani, kabla ugali haujasongwa, stima ikiwa tayari imepotea. Mzee aliwasha mshumaa, akafungua kichwa cha tochi, akatoa balbu ya zamani iliyokuwa nyeusi ndani kama jino bovu. Alikwangua kutu kwenye springi kwa kisu chake kidogo, akapuliza, akafuta kile kikombe kwa pindo la shati mpaka nikaona pua yangu ndani yake. Mimi niliishika balbu mpya kwa ncha ya leso na kuiingiza mahali pake. Mwalimu alikuwa ameketi, vitabu vya wanafunzi vimepangwa mbele yake, akitusikiliza. Mzee akabonyeza swichi.

Nilifumba macho. Nilipoyafungua, nyumba ilikuwa imekuwa nyingine. Mzee alikuwa ameielekeza tochi darini, na mwanga uligonga mbao za juu ukarudi chini mweupe ukajaa chumba kizima, mpaka pembeni. Niliona utando wa buibui juu ya kabati, na kiraka kwenye pazia ambacho sikuwahi kukiona. Kwenye picha ya harusi yao ukutani niliona kwamba Mwalimu alikuwa amevaa glavu. Paka alitoka mbio. Na Mzee Kimeli, mtu asiyecheka, alicheka kwa sauti. Akaitundika tochi mahali pake juu ya meza, akarudi nyuma akasimama na mikono kiunoni.

Mwalimu alifungua daftari la kwanza. Alisogeza uso kulia, akausogeza kushoto. "Mmeshaweka?" akauliza.

"Tumeweka," Mzee akasema.

"Mbona ni ileile?"

Nilidhani anatania. Lakini alinyoosha mkono kutafuta kalamu yake nyekundu, iliyokuwa imelala karibu na kiwiko, kwenye mwanga ambao ungeweza kuhesabia nywele za mkono wake, na ule mkono ulipita juu ya kalamu, ukaenda mbele, ukarudi, ukapita tena. "Bado ni kaduara," akasema. "Pembeni ni giza."

Mzee aliniangalia juu ya kichwa cha mkewe. Kicheko kilikuwa kimebaki mdomoni mwake bila yeye kujua. Akatikisa kichwa taratibu, mara moja, na nikaelewa kwamba nisiseme. "Pengine hiyo balbu ni mbovu," akasema. "Kesho nitaangalia."

"Nafula." Mwalimu hakuinua kichwa. "Wewe una macho ya ujana. Niambie, imewaka vizuri?"

Nje ng'ombe alikuwa akijikuna mgongo kwenye nguzo, na nyumba nzima ilitikisika kidogo kama ilivyokuwa ikitikisika kila alipofanya hivyo. Nilimwangalia Mzee. Alikuwa ameinua kiganja, kama mtu anayesimamisha gari.

"Imewaka, Mwalimu," nikasema. "Imejaa nyumba yote. Nasoma kalenda nikiwa hapa."

Alifunga daftari. Akaliweka juu ya mengine, akayanyoosha yote yakalingana. "Haya," akasema. "Lete chakula." Tulikula ugali na kabeji chini ya ule mwanga ulioonyesha kila kitu, na Mzee alisogeza bakuli la mboga polepole mpaka likagusa vidole vya mkewe. Nilipolala niliwasikia kupitia nyufa wakizungumza Kinandi, kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuwasikia, na katika maneno yote yale niliambulia moja tu, *tochi*, lililorudi na kurudi, mara kwa sauti yake, mara kwa sauti ya Mzee.

Asubuhi nilipokwenda kuchukua maziwa, Mzee alikuwa amechutama chini ya ng'ombe na hakugeuka. "Mimi ningemwambia polepole," akasema.

"Aliniuliza, Mzee."

"Watu wanaulizwa mambo mengi." Akainuka, akanipa ndoo, akaenda zake.

Kwa mtu mkimya kama yeye ilichukua siku kadhaa kutambua kwamba hasemi na mimi. Chakula nilichomwekea alikila, salamu yangu aliiitikia kwa kichwa, lakini macho yake yalinipita. Nilianza kuuliza wenzangu ghalani kama wanajua chumba cha kupanga. Niliamini kwamba nimevunja kitu katika nyumba ya watu walionipokea, na kwamba msichana mwenye adabu angesema balbu ni mbovu. Sasa nimeshazidi umri aliokuwa nao Mwalimu jioni ile. Nimeketi na wagonjwa wangu mwenyewe, nimeulizwa maswali hayohayo na watu walionitazama usoni, na si mara zote nimejibu nilivyojibu siku ile. Siwezi kusema kwamba Mzee alikosea. Alitaka kumpa mkewe usiku mmoja zaidi.

Aliyenitoa katika hali hiyo ni Mwalimu mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi mchana, tumeketi uani kwenye jua tukichagua maharagwe. Yeye alichagua kwa vidole, akitoa vijiwe na maganda kwa kuvihisi, na nilipoona jinsi vidole vile vilivyokuwa na haraka nikajua hakuanza jana.

"Naskia unatafuta nyumba," akasema.

"Nani amekwambia?"

"Eldoret ni kubwa namna gani? Kaa hapa. Na usimwogope huyo mzee, hajakasirika na wewe." Alitupa kijiwe pembeni, kuku wakakimbilia wakidhani ni chakula. "Nilikuwa najua, Nafula. Tangu mwaka jana najua kuna kitu. Lakini tochi ilikuwa mbaya kweli, na ukiwa na tochi mbaya unaweza kujidanganya muda mrefu sana. Siku moja nikasema hapana, wacha ibadilishwe. Nilitaka kujua kama ni tochi ama ni mimi."

Nikamuuliza kwa nini hakumuuliza mumewe.

"Kimeli?" Alitabasamu. "Kimeli angebadilisha balbu mpaka balbu za Kenya ziishe. Huyo hawezi kuniambia. Ndiyo nikakuuliza wewe."

Tulikwenda Plateau, kwenye hospitali ya misheni, sisi watatu. Mwalimu ndiye aliyesema nije. Mzee alivaa koti lake la kanisani. Daktari alikuwa mama kijana aliyemketisha Mwalimu mbele yake, magoti yakikaribia kugusana, akamwambia atazame pua yake na asiiache. Kisha akaleta kidole kutoka pembeni, nyuma karibu na sikio, akakisogeza mbele taratibu. "Ukikiona uniambie, Mama." Kidole kilikuja. Kililifikia shavu, kikalipita. Mzee aliyeketi karibu na mimi alikuwa ameinama mbele kama mtu anayesukuma lori lililozama kwenye tope. Kidole kilikuwa karibu kufika kwenye pua ya daktari ndipo Mwalimu akasema, "Sasa." Wakafanya upande wa pili, ikawa vilevile. Wakampima kwa mashine, wakamtia dawa, tukangoja, wakampima tena. Ilikuwa presha ya macho. Daktari alieleza kwamba inakula pembeni kwanza, ikija katikati kimyakimya, bila kuuma, na kwamba kuna matone ya kuweka kila siku ili kilichobaki kisiende haraka.

"Na kile kilichokwisha kwenda?" Mwalimu akauliza.

"Hicho hakirudi, Mama. Pole."

Mzee alisafisha koo. "Daktari, kwa hivyo hakuna kitu ya kubadilisha?"

Daktari alimwangalia, na nadhani aliona ni mtu wa namna gani. "Hakuna, Mzee," akamjibu kwa upole. "Ingekuwepo ningekwambia."

Tuliketi nje kwenye benchi tukingoja dawa, na mimi nilinunua chai na maandazi kwa mama aliyeuza pale langoni. Mwalimu alilimega andazi lake akalishika tu mkononi. Akamwambia mumewe kwa Kiswahili, labda ili nami nisikie, "Hata hujaniuliza kama naogopa."

"Unaogopa?"

"Sana."

Mzee aliweka kikombe chake chini, akamshika mkono mbele ya watu wote waliokuwa wakipita, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa mwanamume wa rika lake, akaendelea kuushika mpaka jina lilipoitwa.

Hapa ndipo ninapofika kwenye swali la Chebet. Jioni ileile Mwalimu aliniita niandike barua ya kwenda Mombasa, kama nilivyokuwa nimeanza kumwandikia siku za karibuni. Nilikaa nikingoja aseme habari ya hospitali. Alitaja ndama, akataja bei ya mahindi, akataja ubatizo kanisani. "Andika tuko wazima," akasema.

"Mwalimu, na macho?"

"Chebet ana mitihani. Akisikia hivyo atapanda basi la kesho, atakuja hapa kunilia, na shule itaisha. Nikimaliza mwaka na yeye akimaliza mwaka, tutalia sote pamoja. Andika." Niliandika. Mzee alikuwa akisikiliza mlangoni, akaondoka. Kama Chebet anasoma maneno haya, ajue kwamba hakuna aliyemsahau, na kwamba kila barua ilipofungwa mama yake aliipapasa bahasha kabla ya kuniambia nizime tochi.

Ile balbu, basi, ikawa yangu. Kila jioni niliketi chini yake nikamsomea Mwalimu insha za watoto, naye akafumba macho akisikiliza, akinisimamisha: "Hapo amekosa upatanisho. Weka alama. Hapo sawa, ni fundi huyo, mwandikie nimefurahi." Kioo cha tochi kilipata moto kiasi cha kuchoma, na mawe yalikwisha haraka kama yule muuzaji alivyoniahidi. Insha nyingi zilikuwa za ng'ombe na mechi za mpira. Mimi niliyekuwa nikiandika tu hesabu za magunia vitabuni nilianza kusikia sentensi nzuri ikipita, hata ikiwa imeandikwa na mtoto asiyejua aliloandika, na tangu mwaka ule sikuacha kusoma. Lakini si kila kitu kilikwenda vizuri. Mwalimu alikwenda mwenyewe akamweleza mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu, ambaye alimheshimu, alimwachia darasa lake. Kisha wazazi wakasikia. Darasa la nane lilikuwa na mtihani mbele, na wazazi wawili walikuja shuleni wakasema hawawezi kuacha watoto wao mikononi mwa mtu asiyeona. Katikati ya muhula wa mwisho akapewa darasa la pili. Alirudi nyumbani siku hiyo akaenda moja kwa moja jikoni akaanza kuosha sufuria zilizokuwa safi. Nilitaka kusema kitu kibaya kuhusu wale wazazi. "Wacha," akaniambia. "Ningekuwa mimi ningekuja pia." Mwaka ulipofunga, aliomba kustaafu.

Lakini lililonishangaza kuliko yote ni Mzee. Sikumbuki lilianza siku gani. Asubuhi moja nilikuwa nikichemsha chai jikoni nikasikia mtu akiongea uani, bila kukoma, nikafikiri kuna mgeni. Kumbe ni yeye, ameketi kwenye stuli karibu na mkewe. "Kuna wingu upande wa Nandi," alikuwa akisema. "Kubwa. Nyeusi chini. Yule jogoo amepanda juu ya choo. Mama wa pale juu anapita na debe, amevaa kitambaa ya buluu. Sasa ameangalia huku, msalimie." Na Mwalimu akainua sauti akamsalimia yule jirani aliyewahi kusema anaringa. Mzee aliongea kama mtu anayetembea na viatu vipya, akisita, akikosa maneno. "Hiyo wingu ni nyeusi ama ni ya kijivu?" Mwalimu angemuuliza, na yeye angefikiri kwanza kabla ya kujibu. Kufikia Desemba alikuwa akiongea kutoka kukamua mpaka chakula cha jioni. Hata mimi aliniongelesha. Siku moja, tukibeba majani ya ng'ombe, aliniambia tu, "Ilikuwa lazima mtu aseme," kisha akanionyesha mahali ambapo ua ulihitaji kuzibwa.

Mwezi uliofuata kampuni ilinihamisha kwenye ghala lao la Kitale. Chebet alikuwa amekuja akalia na mama yake kama alivyoahidiwa, akarudi chuoni. Siku ya kuondoka nilikunywa chai ya mwisho, Mwalimu akanipapasa uso kwa mikono yote miwili, akaniambia nisiandike barua zenye makosa kwa sababu Kimeli atakuwa anamsomea na yeye Kimeli hatayaona. Nikabeba sanduku langu nikapanda njia inayokwenda barabarani. Nilipofika mahali ambapo ua wa miiba ya kayaba unaisha niligeuka. Walikuwa wamesimama mlangoni. Nilipunga mkono. Nilimwona Mzee akiinama sikioni kwa mkewe, midomo yake ikienda, na Mwalimu akainua mkono wake akapunga kwa nguvu, kuelekea shamba la jirani ambalo halikuwa na mtu. Mzee alimshika mabega. Akamgeuza kidogo, akaangalia, akamgeuza tena kidogo, kwa uangalifu, huku mimi nimesimama palepale bila kusogea. Kisha mkono wa Mwalimu ukatulia hewani, na uso wake ukasimama. Alikuwa amenipata.